Tannetje Minnaard na Chaza wa Chini ya Minara

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Tannetje Minnaard, wa hapa hapa Yerseke, mji wetu wa chaza. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Jirani aliona saa tatu asubuhi imepita na mapazia hayajafunguliwa, akajua. Tannetje aliishi peke yake. Alikufa peke yake pia, na hilo linaniuma.

Wengi mlimjua kwa masikio yake. Miaka arobaini alichambua chaza kwenye mabanda ya bandarini. Anashika wawili, anawagonganisha, anasikiliza. Aliye hai hulia kama jiwe. Aliyekufa hulia kama kitu kitupu, naye humtupa bila hata kumfungua.

Kisha minara ya kuzalisha umeme wa upepo ikajengwa baharini, na nyavu za kukokota zikapigwa marufuku katikati yake. Mdogo wake wa kiume, Krijn, akapoteza eneo alilovua tangu ujana. Mwaka huohuo watafiti wakamfuata Tannetje awasaidie. Walitaka kuwarudisha chaza wa asili, waliotoweka zamani katika bahari yetu. Wakae chini ya minara, ambako hakuna nyavu za kuwakwangua. Samaki wapate makazi, na baadaye chaza wavunwe kwa kiasi.

Krijn alimwambia, "Dada, ukipanda boti ya hao watu, kahawa ya Jumapili kwangu ndiyo basi tena."

Akapanda. Miaka kumi na moja, wasikilizaji. Mtaa mmoja, kanisa moja, salamu hakuna. Miaka kumi na moja! Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sisi majirani tulilima mpaka mpini ukakatika, kapu la kuvunia hatukulishika.

Miaka mitatu ya kwanza chaza walikufa. Femke, mtafiti aliyefanya naye kazi, anakumbuka siku walipopandisha kikapu cha chaza, yeye akafurahi kuwaona wamefumba vizuri. Tannetje akagonganisha wawili.

"Femke mwanangu, una digrii ngapi wewe? Na maiti huzijui! Mmewaweka pale mchanga unapotulia. Wapelekeni mkondo unapopiga."

Wakahamishwa. Wakaishi. Na mwezi wa tatu mwaka huu mpiga mbizi akaibuka na jiwe kutoka chini ya mnara. Juu yake kulikuwa na chaza wachanga, ukubwa wa ukucha. Hakuna aliyewaweka pale. Walizaliwa huko huko. Femke anasema boti nzima ilipiga kelele, lakini Tannetje alikaa pembeni akasema, "Nataka Krijn aone."

Jioni hiyo alikwenda kwa mdogo wake na kopo la maji ya bahari, lile jiwe ndani yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Akabisha. Akabisha tena. Mwisho akaliacha kopo mlangoni, akarudi kwake.

Juzi nilimuuliza Krijn alikuwa wapi siku ile.

"Nyuma ya mlango," akanijibu. "Viatu nimeshavaa."

Kisha akasema, "Unajua nilikuwa naomba nini kanisani? Hao chaza wafe. Kila Jumapili. Maana wakiishi, dada hana kosa, na mimi nimemtupa bure. Alipoondoka nikaliingiza kopo ndani. Walikuwa hai. Nikasema Jumapili nitakwenda. Ikapita, nikasema Jumapili ijayo. Ndiyo hivyo mpaka Jumanne."

Wasikilizaji wapendwa, kwa kawaida hapa huwa nasoma majina ya wafiwa. Tannetje hakuolewa, hakujaliwa mtoto. Karatasi yangu leo ina jina moja tu. Krijn Minnaard, pole sana, ndugu yangu. Mungu akupe nguvu za kulibeba hili.

Nanyi wengine, kila mmoja anamjua mtu anayempita bila salamu. Nilikuwa nimeandaa muziki wa kufungia, sitaupiga. Zimeni redio, mkabishe hodi.