Ustadh Labib Gayed na Ziara ya Pili

Marehemu Ustadh Labib Gayed Tadros alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Nazlat Tadros, kusini mwa mji wa Mallawi, Misri, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gayed, fundi viatu, na Bi Mufida.

Alisoma kijijini, kisha Mallawi, na mwaka 1973 alihitimu ualimu wa hesabu huko Asyut. Alikwenda jeshini, akarudi salama. Kuanzia Septemba 1976 alifundisha miaka kumi na minane, akakosa siku moja tu, ile aliyozaliwa binti yake Marcelle, anayewasomea maneno haya. Hata siku hiyo alinung'unika.

Tarehe 22 Julai 1979 alimwoa Bi Nargis Wadie. Harusi ilipokwisha, alimfuata kasisi, Abuna Mikhail, na kumweleza kwa upole kwamba mahubiri yake yalikuwa na hoja nne, na waumini walisikia moja. Abuna yupo hapa leo. Bado hajacheka.

Mwaka 1994 aliteuliwa kuwa mkaguzi katika wilaya ambayo familia imeamua kutoitaja. Wengi wenu ni walimu, mnajua ukaguzi ulivyokuwa, na tusidanganyane mbele ya maiti. Mwalimu alinakili daftari la maandalio ya masomo la mwaka uliopita kwa mwandiko mzuri. Mkaguzi alifika, akanywa chai, akalisaini kwa kalamu nyekundu, akala bata, akaenda zake. Darasani hakuingia mtu. Ustadh Labib yeye hakuligusa daftari. Aliketi dawati la nyuma pamoja na watoto, magoti juu, kipindi kizima, akiandika.

Oktoba 1998 aliketi hivyo katika darasa la Mwalimu Insaf Shafik, aliyekuwa na miaka ishirini na minne. Baadaye, katika chumba cha walimu, bata akiwa mezani na watu wamejaa, alimwambia, "Binti yangu, umeuliza maswali thelathini na moja. Ishirini na tisa umejijibu mwenyewe."

Insaf alitoka akilia. Alilosema marehemu lilikuwa kweli, lakini kulisema mbele ya watu kulikuwa kosa, naye alilikiri nyumbani jioni ileile. Aliomba ruhusa arudi kwa Insaf baada ya wiki mbili, amwombe radhi, aone amebadilisha nini. Idara ya elimu ilimjibu kwamba fomu ina nafasi ya tarehe moja tu. Aliandika tena. Aliandika barua kumi na tisa, jamani, kuomba arudi kwa walimu aliowatembelea, maana alisema kumwonyesha mtu kosa na kutorudi ni sawa na kumtukana. Wenzake walimcheka. Mkuu wa shule moja alimshtaki kwa kutosaini daftari. Mwaka 2001 walimhamishia kwenye stoo ya vyeti, akakaa na panya miaka kumi mpaka alipostaafu. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2014. Alitibiwa Minya, kisha Asyut, na kuanzia Agosti 2017 hakuinuka kitandani.

Jumapili tarehe 5 Novemba, siku ya kwanza ya wiki ya shule, Mwalimu Insaf alibisha mlangoni baada ya vipindi. Marehemu hakuwa amemwona tangu kisa kile. Alikuja na simu yenye video ya kipindi chake cha darasani, kilichorekodiwa na mwenzake.

"Nimekaa na hasira miaka kumi na tisa, Ustadh," alisema. "Lakini maswali nilikuwa nayahesabu."

Marehemu alikitazama kipindi chote, dakika arobaini na tano, akikataa dawa yake ya saa kumi. Kilipokwisha alimwomba radhi kwa siku ile. Kisha akasema yule mwanafunzi wa kike wa dirishani alikuwa karibu kujibu, angengojwa. Insaf alisema alimngoja. Marehemu akasema, zaidi. Marcelle alishindwa kuvumilia, akamwambia, "Baba, mwenzio ametoka mbali. Msifu basi."

Hakumsifu. Alimuuliza Insaf, "Nije tena lini?"

Insaf alimtazama mtu asiyeweza hata kuketi. "Jumapili ijayo, Ustadh. Saa mbili na robo. Karibu sana."

Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia hivyo. Usiku huo alilala bila kulalamika. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2017, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mjane, Bi Nargis, watoto wawili, Marcelle na Nashaat, wajukuu watano, na dada yake, Bi Tahani.

Mabwana wa idara mmekuja na shada kubwa la maua, na familia inashukuru. Lakini keshokutwa ni Jumapili. Mwalimu Insaf anamngoja mgeni saa mbili na robo, na fomu yenu haina nafasi ya tarehe hiyo. Mmoja wenu aende. Asile bata. Aketi nyuma, aangalie, kisha amwambie kweli, wakiwa wawili tu, na aseme atarudi lini.

Mungu ampe Ustadh Labib raha ya milele, na sisi tuliobaki atunyime usingizi.