Mama Tshibola na Nywele Zilizosimama Nusu

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Mungu iwe nyumbani mwenu. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kolwezi. Jina lake ni Tshibola Kanku. Tunarudia: Mama Tshibola Kanku, msusi, mke wa Tata Mukendi wa kambi ya wafanyakazi. Alifariki Jumanne iliyopita, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na minane. Ameacha mume, watoto watano na wajukuu tisa.

Wengi wenu mlizijua nywele alizosuka kabla ya kulijua jina lake.

Mama Tshibola alizaliwa Tenke. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kusuka, na hakumfundisha kwenye kichwa cha mtu. Alimpa kishungi cha majani marefu kando ya reli, akamwambia: zungushia uzi mpaka yasimame yenyewe. Majani yakaanguka. Akazungushia tena. Yakaanguka tena. Wiki ya tatu yalisimama, na treni ilipopita kwa upepo wake wote, hayakulala.

Alipoolewa na Tata Mukendi alihamia Kolwezi. Hapo, mbele ya nyumba yao, aliweka kiti kimoja na mkeka mmoja. Wamama wakaanza kuja.

Mnakumbuka mtindo wake, wasikilizaji wapendwa? Alizigawa nywele kwa kitana cha mti. Alipaka mafuta. Kisha alikamata fungu moja na kulizungushia uzi mweusi tangu shinani, akikaza, akipanda, mpaka fungu likasimama wima kama nguzo. Halafu la pili. Halafu la kumi. Mwisho aliziunganisha ncha zote juu kwa uzi. Wamama waliuita mtindo huo Nzilo, kwa sababu ya nguzo za chuma zinazoleta umeme kutoka bwawa la Nzilo. Mtu alifika na kusema tu: "Mama Tshibola, unijengee Nzilo."

Na wale wenye nywele chache? Hao nao alikuwa na dawa yao. Mnajua kwamba miaka ile perike, zile nywele za bandia, zilikatazwa na serikali. Wamama hawakujua wazipeleke wapi. Mama Tshibola alizipokea. Alizichemsha kwenye sufuria, akazikata, akazificha ndani ya fungu, chini ya uzi, ili nywele zijae na kunenepa. Tata Mukendi anasema siku moja alifunua sufuria akidhani ni sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Tangu siku ile," anasema, "nilikuwa ninauliza mbele ya kufunua."

Lakini leo tunataka kuwaeleza juu ya siku moja tu. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 1973. Familia yenyewe imetuomba tuieleze, kwa sababu Mama Tshibola aliibeba siku hiyo miaka kumi na minne na hakuielewa.

Asubuhi ile mteja wake alikuwa Mama Ngalula. Mumewe, Muamba, alikuwa amekwenda Kisenge kufanya kazi kwa miezi miwili. Kesho yake, Jumapili, alitazamiwa kurudi. Ngalula alitaka Nzilo ndefu kuliko zote. Alikaa mkekani, akiimba.

Mafungu manne yalikuwa yamekwisha kusimama wakati Tata Kyungu alipotokea kwenye uzio. Huyu alikuwa karani wa stesheni, jirani yao. Hakuingia. Aliita kwa mkono tu.

"Mama Tshibola, kuya kidogo."

Alikwenda, uzi ukiwa bado katikati ya meno.

"Muamba alikufa," Kyungu alisema kwa sauti ndogo. "Kule Kisenge. Homa. Simu ilifika sasa hivi."

"Muamba gani?"

"Muamba wa uyu mama uko naye pale. Usimwambie. Tata Mulumba njo atamwambia. Anakuya na treni ya Tenke, alasiri. Umushike hapa. Kule kwake batu banaanza kufika, banatoa biti inje."

"Nimushike na nini?"

"Na nywele, mama! Haiko kazi yako?"

Akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, hapa msikilize vizuri. Kwa desturi ya watu wa Muamba, habari ya kifo haisemwi na kila mdomo. Mjane anaambiwa na mkubwa wa ukoo wa mumewe. Mkubwa huyo alikuwa Tata Mulumba, baba mkubwa wa Muamba. Mwingine akitangulia kusema, ni kama yeye ndiye ameleta kifo. Hilo ni la kwanza. La pili: mjane hukaa chini na nywele zilizofunguliwa. Akikutwa na nywele za sherehe, ndugu za mume watasema alifurahi. Mwaka uliotangulia, katika kambi hiyo hiyo, mjane mmoja alikutwa hivyo. Walimfukuza siku ya tatu. Watoto wake watatu walibaki kwa ndugu za mume.

Basi Mama Tshibola alisimama kwenye uzio na hakujua mguu upi utangulie. Akisema, amevunja desturi. Akinyamaza na kuendelea kusuka, atampeleka mwenzake kwenye kilio na Nzilo kichwani. Na akiacha kusuka, Ngalula atakwenda nyumbani na kukuta viti vya kilio nje. Alimwomba Mungu ampe neno. Baadaye alimweleza binti yake kwamba hakusikia neno lolote, alisikia tu kuku wa jirani.

Alirudi. Akaendelea kusuka.

Alisimamisha fungu la tano. Akalifungua. Akalisimamisha tena. Akalifungua pamoja na la nne.

"Mama Tshibola," Ngalula alisema, "mikono yako leo iko na malaria?"

"Uzi ni mubaya."

"Uzi ni ule ule wa kila siku! Sema tu unazeeka."

"Mm."

"Muamba atafika kesho, atakuta bibi yake na kichwa sawa kuku ya kunyonyoa nusu. Atasema, mi niliacha bibi hapa, uyu ni nani?" Akacheka mwenyewe. "Unalia?"

"Ni mafuta. Yaliingia mu macho."

Jua likapanda. Mama Tshibola alileta chai, akaleta mihogo, akaleta maneno yasiyo na kichwa. Upande wa kuume ulisimama, ukalala. Upande wa kushoto ulisimama, ukalala. Kila aliposimamisha, aliona uso wa Bilonda, dada wa Muamba, mwanamke mwenye ulimi mkali. Kila alipolaza, aliona uso wa Tata Mulumba. Alasiri ilipokaribia, nywele za Ngalula zilikuwa nusu juu, nusu chini, na hasira yake ilikuwa juu yote.

"Leka!" alisema. "Nitaenda kwa Mama Ntumba, atanimalizia. Ee, kazi ya siku muzima!"

Akainuka, akatikisa kitambaa chake.

Hapo ndipo Mama Tshibola alipofanya jambo lile. Hakumshika mkono. Hakufungua mdomo. Alikaa chini, kwenye udongo, si mkekani. Akainua mikono kwenye kichwa chake mwenyewe. Akakata uzi. Akafungua fungu la kwanza la nywele zake. Akafungua la pili.

Ngalula alimtazama akiwa amesimama. Hakuelewa. Mwanamke mwenye mume mzima hafungui nywele kukaa udongoni mchana. Hakuna afanyaye hivyo. Alitazama nyumba ya Mukendi, akatazama barabara. Akasema:

"Tata Mukendi?"

Mama Tshibola akatikisa kichwa: hapana. Akafungua fungu la tatu, macho yake yakiwa juu ya Ngalula.

Ngalula anatueleza leo, na hii ni sauti yake tuliyorekodi jana sokoni: "Nilitazama mikono yake. Nikatazama macho yake. Nikakaa chini. Hakuna mutu alisema kitu. Mi mwenyewe njo nilianza kuvuta uzi."

Tata Mulumba alifika alasiri. Alikuwa ametayarisha maneno tangu Tenke: angeanza na safari, aje kwenye homa, aje polepole kwenye kifo. Alimkuta mjane chini, nywele zimefunguliwa, akilia. Akasimama na kofia mkononi. Akauliza: "Nani alimwambia?" Kyungu, aliyemleta kutoka stesheni, aliangalia viatu vyake. Mama Tshibola alisema: "Tata, hakuna aliyesema." Na hilo lilikuwa kweli. Mzee alizunguka ua mzima na macho yake, akauliza tena, akapata jibu lile lile.

Bilonda alifika nyuma yake. Alikishika kichwa cha Ngalula, akakipapasa kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Hakukuta kitu. Ngalula alibaki katika nyumba yake. Watoto wake wanne walibaki naye.

Lakini katika jambo hili kulikuwa na mlango wa pili, na huo ulifunguka nyumbani kwa Mama Tshibola. Tata Mukendi alirudi kutoka kazini. Akamkuta mkewe na nywele za mjane.

"Mama," aliuliza, "nani alikufa? Ni mi?"

Watu walicheka siku ile. Mama Tshibola hakucheka. Ndugu za Mukendi walikuja kumwambia: umejivalisha ujane mume wako akiwa anatembea, sasa umekiita kifo kwa jina lake. Alikwenda kwa padri. Padri alimsikiliza, akamwambia: "Enda na amani, mama." Alirudi akimwambia binti yake: "Hakusema nilifanya vizuri. Hakusema nilifanya mubaya. Sasa mi niweke wapi ile amani?"

Ngalula naye hakumshukuru. Alikaa miaka mitatu bila kumsalimu. Anasema: "Kama angeniambia asubuhi, ningelia asubuhi. Aliniacha nicheke siku muzima, nimutukane, na bwana yangu alikuwa mufu. Lakini kama si yeye, batoto yangu iko wapi leo? Mpaka sasa siyui. Nilienda kilio yake, nikakaa, sikuyua nilie namna gani."

Sisi pia, wasikilizaji wapendwa, tulijaribu kupima jambo hili, na mizani haikutulia. Je, alisema, au hakusema? Alishika desturi, au aliivunja? Mungu anayepima mioyo anajua. Sisi tunajua tu kwamba mwanamke mmoja alikaa udongoni ili mwenzake asianguke.

Tunamaliza kwa maneno ya Tata Mukendi. Ana miaka sitini na saba, na ni mzima. Tulimuuliza mkewe aliishije baada ya siku ile. Akasema:

"Aliogopa. Kila asubuhi, mbele ya kuwasha moto, aliniuliza: 'Tata Mukendi, uko muzima?' Mi najibu: 'Niko muzima, mama.' Njo anaamka. Miaka kumi na minne. Nilimwambia leka ile maneno, hakuleka. Jumanne nilishituka, jua linapanda. Nikangoja aulize. Nikangoja. Nikajibu tu mi mwenyewe: 'Niko muzima, mama.' Hakuamka."

Kwako Tata Mukendi, kwa watoto na wajukuu, kwa Mama Ngalula, na kwa wamama wote wa Kolwezi waliowahi kukaa kwenye mkeka ule: poleni. Poleni sana. Mungu awashike pale ambapo maneno yanakosekana. Na ninyi mnaotusikiliza, mlio na habari ambayo si yenu kuisema, kaeni na mwenzenu. Kaeni chini pamoja naye.

Mama Tshibola Kanku, pumzika kwa amani.