Évariste Birindwa, Aliyewatafutia Watu Kazi

Ndugu, majirani, nanyi mlioacha meza zenu sokoni mkaja kumsindikiza: familia imenipa mimi, Béatrice, mtoto wake wa kwanza, kazi ya kusoma maisha ya baba yetu. Mama amesema niyasome yote.

Évariste Birindwa alizaliwa tarehe 9 Februari 1963 Bukavu, mtaa wa Kadutu, akiwa mtoto wa tano wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kadutu. Aliingia sekondari mwaka 1976, akaiacha mwaka wa tatu baba yake alipopofuka. Hakukaa tena darasani, lakini alikuwa na mwandiko mzuri, na majina ya watu hayakumtoka kichwani.

Tarehe 20 Agosti 1988 alimwoa mama yetu, Antoinette Nzigire. Mungu aliwapa watoto wanne. Wa pili, Muderhwa, alifariki akiwa na miezi saba. Vita vya 1996 viliwavusha mto Rusizi, ulio mpaka, wakaja upande huu. Wakapanga chumba Kamembe, nyuma ya soko, na hapo ndipo wadogo zangu walipokulia.

Mwaka 1999 mkandarasi mmoja alimwomba amtafutie wapasua mawe kumi. Alimletea kumi, na wote walijua kazi. Kuanzia hapo ndiyo ikawa kazi yake: alizunguka Nyakarenzo, Gikundamvura na kwingine, akiandika watu, akiwapeleka kwenye ujenzi, kwenye machimbo, kwenye maghala. Walimwita Papa Kazi. Kabla ya kumuuliza mtu swali lolote alimnunulia chai na mkate. Mama alipolalamika, alimjibu, "Antoinette, njaa inafanya muntu aonekane mvivu. Acha akule kwanza, kisha nitamuangalia." Kuna mwanamume aliyekuja siku tatu mfululizo, kila siku na jina jipya, akanywa chai zote tatu. Siku ya tatu baba alimwandika kazi ya mlinzi. "Huyu," alisema, "anajua kuamka mapema."

Januari 2014 aliandika wanaume ishirini na sita kwa machimbo ya mawe ng'ambo ya mpaka, upande wa Bukavu. Alikwenda mwenyewe kuyaona, siku ya jua, akaridhika. Mwezi wa nne mvua haikukatika. Tarehe 9 Aprili, kijana mmoja wa Gikundamvura, Sibomana, alimpigia simu.

"Papa, kilima kimepasuka huku juu. Tunaogopa."

Baba alimwambia, "Vumilia mpaka mwisho wa mwezi, nitakutafutia pengine."

Tarehe 11 Aprili kilima kilishuka. Watu tisa aliowaandika walibaki chini, Sibomana akiwa mmoja wao. Maneno hayo ya simu hakuna aliyeyasikia ila baba. Ni yeye mwenyewe aliyetuambia.

Alikwenda kwa miguu kwenye nyumba zote tisa. Mama yake Sibomana, Maman Nyiransabimana, alimpa kiti na maji, wala hakumuuliza neno. Baba alisema afadhali angempiga.

Septemba ya mwaka huo huo Maman alikuja Kamembe na mwanawe wa pili, Harelimana, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili. Mimi nilikuwepo.

"Papa Birindwa, andika na huyu."

"Maman, kaburi ya mukubwa wake haijakauka!"

"Kaburi hailishe batoto. Shamba yetu unaijua. Mwandike."

"Siandike tena muntu. Nimeacha."

Harelimana alimtazama baba, akasema, "Basi nitajitafutia." Wiki ile alivuka mpaka na mwandikishaji mwingine ambaye hata jina lake hatukulipata. Hakupiga simu wala kutuma salamu. Miaka miwili ikapita, Maman Nyiransabimana akarudi kwetu, akasimama mlangoni.

"Kama ungemuandika wewe," alimwambia baba, "leo ningejua mahali pa kuulizia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baba alikwenda kituo cha mabasi na mpakani kuwauliza madereva na wafanyabiashara waliotoka Bukavu. Mara tatu alivuka mwenyewe, mara moja akafika Uvira. Wengi hapa mlimwona na mkadhani bado anaandika watu. Wapo waliomfuata wakiomba kazi; aliwanunulia chai, akawaomba radhi.

Mwezi wa Oktoba 2018 shinikizo la damu lilimwangusha, upande wa kulia ukafa. Alilazwa mara nne. Tarehe 2 Juni 2019, hospitalini, aliniuliza, "Béatrice, Harelimana alisharudiaka?"

Nikasema, "Ndiyo, Papa. Alisharudi."

"Anafanya kazi gani?"

"Analima na mama yake."

"Ni vizuri," akasema. Kesho yake, saa nne asubuhi, alifariki.

Haikuwa kweli. Harelimana hajarudi. Maman Nyiransabimana amekaa pale, mstari wa pili. Ametoka Gikundamvura alfajiri. Maman, nilimdanganya muntu aliyekuwa anakufa, kwa jina la mtoto wako. Unisamehe. Na baba, kama utaweza siku moja, umsamehe.

Marehemu ameacha mjane, Antoinette Nzigire, watoto watatu, Béatrice, Honorine na Ntabaza, wajukuu watano, na dada yake mmoja, Bukavu. Waliomtangulia ni wazazi wake, kaka zake watatu, mwanawe Muderhwa, na wanaume tisa ambao majina yao yamechapwa nyuma ya karatasi hii, nakala ya mwandiko wake.

Harelimana ni mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Yeyote mwenye habari zake asiondoke kabla ya kuonana na mama yake.

Bwana ampokee baba yetu, ampe amani ambayo hapa hakuipata.