Mtoto Ndani ya Dhoruba ya Théodore

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Théodore wa mtaa wetu wa Bertrams, mchoraji wa dhoruba. Narudia kwa uliyechelewa kufungua redio: Théodore, mchoraji wa dhoruba, aliyefariki Novemba 2018 kwa maradhi ya kifua.

Kazi yake ilikuwa hivi. Bamba la shaba hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, kisha huzamishwa kwenye tindikali. Palipochorwa huliwa. Pakiliwa sana, wino hushika, na ukichapa kwenye karatasi, anga hutoka nyeusi tii. Alipenda zile picha za zamani za Ulaya, mawingu yamefura na binadamu mdogo kama sisimizi. Ila zake hazikuwa na mtu kabisa. Mto na mvua, basi.

Mto huo ni wa kwao, Fizi, Kongo. Yeye na mkewe walikimbia vita mvua ikinyesha, maji yakamchukua binti yao, Denise. Aliyekuwa amemshika mkono ni mama yake, Jocelyne. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumwita Mama Denise. Théodore hakumlaumu, lakini hakumtaja mtoto pia, na kimya hicho kilimtafuna mke.

"Mimi njo nilikuwa namushika mutoto," Jocelyne alituambia. "Kila picha ya mvua, niliona ni mimi analaumu."

Mwaka wake wa mwisho, Théodore alichora dhoruba nyeusi kuliko zote. Kisha akashinda akisugua bamba kwa mgongo wa kijiko cha mkewe. Shaba ikilainika wino haushiki, na hapo hutoka mwanga. Jocelyne akamgombeza: kijiko cha mboga hicho! Mzee akacheka, akaendelea kusugua.

Baada ya mazishi, Bakiri, mwenzake wa karakana, alilipaka bamba wino, akachapa. Jocelyne alikuwa kando yake. Katikati ya mawingu palikuwa na uwazi, na watu watatu mtoni. Jocelyne yuko mbele, mikono yote miwili imeshika mzigo kichwani. Nyuma yuko Théodore. Mtoto ameshikwa mkono na baba.

"Amejibebesha yeye kosa yangu," Jocelyne akasema, akaketi chini.

Nisifiche, nilikasirika. Kwa nini hakumwambia akiwa hai? Wewe unayenisikiliza, mwenzio yuko chumba cha pili anasubiri neno lako. Zima redio, nenda kamwambie.

Tunaipa pole familia yote, Bertrams na Fizi. Na wewe, Mama Denise, pole sana.