Ndoo Mbili za Bi Kiganja

Tumekusanyika leo kumsindikiza mwanamke ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuandika jina la kitu chochote juu ya chombo chochote. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, mwalimu wa hisabati, na anausoma mwenyewe kwa sababu mjomba wake, aliyepangiwa kuusoma, aliupitia jana akaurudisha. "Mwanangu, hii ni hasira, si wasifu," alimwambia. Binti akamjibu kwamba ni vyote viwili. Mjomba akaomba basi angalau aya ya maharage iondolewe. Haikuondolewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1949, mtoto wa tatu kati ya sita wa mfyatua matofali na mkewe mkulima wa bustani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri. Tarehe hiyo tunayo kwa sababu baba yake aliichora kwenye tofali bichi kabla halijachomwa. Tofali lenyewe lipo mpaka leo, linazuia mlango wa jiko usijifunge. Ndicho kitu pekee chenye maandishi katika jiko lile, na si yeye aliyekiandika.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, akamaliza darasa la saba. Ripoti yake ya mwisho ingalipo, na mwalimu wa darasa ameandika: "Mwandiko mzuri sana, nadhifu." Mnasikia? Mzuri sana. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akasema bibi wa watu hakujua kuandika. Alijua, ila hakutaka. Binti yake aliwahi kumwonyesha ripoti hiyo kama ushahidi, naye akaisoma, akatabasamu, akaitumia kufunikia chungu cha maziwa.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni, akapikia wanafunzi mia nne kwa miaka thelathini na minne. Huko ndiko alikopata jina la Bi Kiganja. Mkuu wa shule alinunua mizani, akamwagiza mtunza stoo, kijana msafi aliyependa mambo yanyooke, ahakikishe kila kitu kinapimwa.

"Chumvi ya leo kiasi gani?" mtunza stoo akauliza.

"Viganja vinne."

"Kiganja si kipimo, dada yangu."

"Basi kipime."

Akachota chumvi, akamwaga kwenye mizani. Akachota tena, na tena, mara tano. Mara zote tano mshale ulisimama pale pale. Mtunza stoo alijaribu kiganja chake mwenyewe na kila mara akapata jibu jipya. Mizani ikafunikwa kitambaa, ikawekwa juu ya kabati, na wali wa shule ile haukuwahi kulalamikiwa.

Ni hadithi tamu, na kila mtu huicheka. Sasa jaribu kuwa mtoto wake! Kwa miaka thelathini binti yake alikaa naye jikoni na daftari mkononi, akitafuta namna ya kupika maharage yale.

"Mama, maji kiasi gani?"

"Yafunike."

"Yachemke dakika ngapi?"

"Mpaka yanyamaze."

"Na chumvi?"

Hapo alionyeshwa kiganja. Kiganja cha nani, jamani? Binti amerithi mikono ya baba yake, mipana, na kila alipofuata maelekezo hayo chakula kilikuwa chumvi tupu. Mama alionja, akanywa maji, akasema, "Umejitahidi." Hakuna neno linalomuudhi mwalimu wa hisabati kuliko hilo.

Tarehe 3 Juni 1972 aliolewa na fundi seremala aliyekuja shuleni kutengeneza rafu za jiko. Fundi alipigilia rafu, mpishi akasema, "Shusha." Akashusha. "Shusha tena." Aliposhusha mara ya tatu akamuuliza kama nyumbani kwao kuna rafu zinazohitaji kushushwa. Walijaliwa watoto wanne, na wakahamia kwenye shamba dogo tulipo sasa: nyumba, jiko la nje, kisima, na bustani inayoteremka hadi kwenye ua wa michongoma. Katika jiko hilo fundi alimjengea rafu mbili. Safari hii mke mwenyewe alisema ya juu iwe juu kabisa, mtoto asifikie wala kuku asirukie, kwa sababu ingekaa mbegu. Akiba ya kula ikakaa rafu ya chini. Mpangilio huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini bila kuandikwa popote, na kila aliyekulia nyumba hii aliujua.

Fundi alimpenda sana mkewe. Alimchongea vibao thelathini vya kuchomeka kwenye vitalu, vyote vimepigwa msasa, ili aandike hapa nyanya, hapa vitunguu, hapa maboga. Siku moja kuni zililowa, na mkewe akavitumia kuchemshia chai. "Vinawaka vizuri," alimwambia, na fundi akacheka mpaka akakaa chini. Binti yake wa kwanza, akiwa na miaka kumi, hakucheka. Fundi alitangulia mbele za haki tarehe 20 Septemba 2011, na mpaka mwisho hakuwahi kujua ni kitalu kipi chenye nini.

Katika bustani hiyo marehemu hakushindika. Kila mwaka mvua zilipokaribia alitoka asubuhi na jembe, akavunja udongo, akamwaga samadi, akainua tuta. Mvua ya kwanza haikumtoa nje. "Hiyo inapita kusalimia," alisema. Mvua ya pili ilipogonga ndipo alipoteremsha ndoo ya mbegu. Maharage hayo, madogo, mekundu, yenye doa jeupe kitovuni, hayauzwi sokoni. Alipewa kiganja kimoja na mama yake siku ya kuolewa, akayapanda kila msimu tangu hapo.

Na akayagawa! Hakuna mgeni aliyetoka nyumba hii mikono mitupu. Aliyekuja kusoma mita alipewa kiganja, na aliyekuja kuuza vyombo naye akapewa. Aliyekuja kumgombeza kuhusu kuku wake aliondoka na viganja viwili.

"Mama, utamaliza mbegu," binti alimlalamikia kila mwaka.

"Zikiisha nitawaomba."

"Utamwomba nani? Huwajui hata majina!"

"Wao wananijua."



Novemba mwaka jana alianza kuchoka. Hakusema. Watoto walipopiga simu aliwaambia yuko palizini, hata siku ambazo alikuwa kitandani. Tarehe 18 Februari alilazwa hospitalini, na daktari akaeleza kwamba moyo ulikuwa umetanuka. Daktari alijaribu kumwinua mkono wa kushoto, ukaishia kifuani. Wa kulia nao haukupita bega. "Mikono hii imeacha kuinuka tangu lini?" daktari aliuliza. Watoto wanne wakatazamana. Hakuna aliyejua.

Binti yake wa kwanza alirudi nyumbani kuweka mambo sawa, na hatimaye akapata alichokitaka tangu utotoni: jiko lisilo na mama yake ndani, na kalamu ya wino mzito. Aliandika kila chombo. CHUMVI. SUKARI. UNGA. Kulikuwa na ndoo mbili nyeupe za plastiki, zilizowahi kuwa za mafuta ya kupikia, zinazofanana kabisa. Ya rafu ya juu akaiandika MBEGU, na ya chini akaiandika KULA. Hakuifungua hata moja. Kwa nini afungue? Alijua, tangu utoto alijua.

Aliporudi hospitalini mama yake alimuuliza, "Mbegu umeziona?"

"Nimeziona, Mama. Nimeziandika kabisa."

"Umeandika nini?"

"Mbegu."

Marehemu akafumba macho. "Haya. Sasa zitajua jina lao." Kisha akamshika mkono. "Mvua ya pili ikigonga, panda. Usinisubiri."

"Nitapanda, Mama."

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 2 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Sasa ile aya ambayo mjomba hakuitaka. Jumanne majirani walikuja kutupikia, na Mungu awalipe. Sufuria mbili kubwa za maharage zilipikwa, zikaliwa, zikasifiwa. Mjomba aliongeza mara mbili. Mchana jirani yetu wa upande wa kisimani, aliyesimamia sufuria hizo, alimfuata binti akijifuta mikono.

"Mwalimu, maharage ya mama yako matamu, lakini tumeyaosha maji manne! Yana majivu, sijui kwa nini."

"Majivu?"

"Majivu, ndoo nzima."

Yeyote aliyewahi kuhifadhi mbegu anajua ni nini kinachopakwa majivu ili wadudu wasitoboe. Binti alipanda juu ya kigoda, akaiteremsha ndoo iliyoandikwa MBEGU, akaifungua. Yalikuwa maharage ya kula, ya kawaida ya sokoni, makavu, hayana majivu hata chembe, na mengi yameshatobolewa. Akakaa kwenye sakafu ya jiko. Kiganja cha siku ya harusi, misimu hamsini na miwili, na ahadi aliyompa mama yake kitandani, vyote vilikuwa vimeliwa kwa wali.

"Lakini iliandikwa KULA," jirani alisema taratibu. "Isingeandikwa, tungeuliza."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote ambayo hakikuandikwa kitu, hakuna mtu aliyewahi kupika mbegu ya Bi Kiganja. Ziliandikwa mara moja tu, zikapikwa.

Binti alimkasirikia kwanza mama yake, acha awe mkweli. Ni mtu gani anayebadilisha mpangilio wa miaka arobaini bila kumwambia mtu? Alipandwa na hasira mpaka akataka kumpigia simu amgombeze. Halafu, akiwa bado sakafuni, akaitazama rafu ya juu, akalikumbuka swali la daktari, na ndipo alipoelewa. Mama yake hakubadilisha mpangilio kwa ukaidi. Alipohifadhi mbegu Novemba, alikuwa hafikii tena juu. Ndoo mpya ya mbegu aliiweka pale mkono ulipoishia, na ile ya zamani ya kula, aliyokuwa ameipandisha kwa muda baada ya kupanda, rafu ya juu ilipobaki tupu na yeye bado ana nguvu, ikabaki huko. Ndoo ilikaa pale tangu Novemba, mbele ya macho ya kila aliyeingia kuomba chai. Watoto wake wanne waliingia, wakanywa chai, wakaondoka. Mwalimu wa hisabati alipita mbele yake mara kumi na moja, amehesabu.

Mama, nimekosea. Nilikuwa na kalamu mkononi, sikuwa na macho.

Jumatano mvua ya kwanza ilipita kusalimia. Alhamisi asubuhi alifika mzee mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi, mwenye bahasha ya kaki. Alikuwa yule mtunza stoo, sasa mstaafu. Alikuwa amesikia habari za sufuria. Katika mtaa huu nani hajasikia? Juu ya bahasha aliandika tarehe, aina na uzito, kama tulivyotarajia. Ndani yake mlikuwa na maharage madogo mekundu yenye doa jeupe.

"Alinipa kiganja kimoja nilipostaafu," alisema. "Nimekuwa nikipanda. Nimeleta kimoja, lakini ni changu, kwa hiyo sina hakika na kipimo."

Nyuma yake alikuja jirani wa kisimani na kibakuli, hawezi hata kutazama watu usoni. Akaja msoma mita. Akaja mwenye ugomvi wa kuku, na viganja viwili vyake. Wapo walioleta, na wapo waliokiri kwamba waliyala tangu siku ileile, nao tumewasamehe kwa sababu hatuna mdomo wa kusema. Binti hakuandika jina la aliyeleta. Hadi alasiri, mvua ya pili ilipogonga bati, ndoo ilikuwa imefika nusu. Mama alisema atawaomba. Hakuhitaji hata kuomba.

Marehemu ameacha watoto wanne: mwalimu aliyesimama mbele yenu, dereva wa lori, aliyesafiri siku mbili kufika hapa, mshonaji, na fundi umeme, kitinda mimba wake. Ameacha wakwe watatu, wajukuu tisa, kaka mmoja, ambaye sasa hanitazami, na kuku kumi na wawili ambao bado wanaingia kwa jirani. Ameacha pia matuta saba yaliyoinuliwa kabla hajalazwa, na hatujui alitaka kila moja liwe la nini. Tukitoka makaburini hatutakaa kwanza. Majembe yapo mlangoni, penye tofali, na kila mtu atapanda kiganja kimoja, cha kwake, kwa namna kilivyo.

Pumzika kwa amani, Mama. Maandishi nimeyafuta. Ndoo ya mbegu iko rafu ya chini, mkono unafika.