Wakwe, Mchanga na Upepo wa Tairi

Ndani ya basi la kwenda Sur, Omani, kijana aliyeitwa Yaarubi alimweleza Musallam, bedui wa kiti cha pili, kwamba Ijumaa atawavusha wakwe zake kwenye mchanga wa jangwa la Sharqiya. Mkewe alishawaambia kuwa mumewe ni dereva hodari. Maneno ya mapenzi hayo.

"Gari nimelinyanyua, ami. Springi mpya, taa sita, winchi ya kujivuta kwa kamba, tairi pana. Juzi kwenye majaribio limezama mara nne! Sijui nimekosea wapi."

"Upepo ulitoa?"

"Upepo gani?"

"Wa tairi, mwanangu."

Yaarubi alicheka kwa adabu. "Tairi mpya hizo, ami! Kwa nini niutoe?"

"Zilale, zitanuke, mchanga uzibebe."

"Si ndiyo maana nimenunua pana?"

"Hata hizo pana, toa."

Kijana alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akakwama kwenye cha tatu. Mimi niliyekaa nyuma yao, nisiye na hata baiskeli, nilikwama naye.

"Basi winchi itanivuta," akasema.

"Utaifunga wapi? Kule hakuna mti."

"Kwenye gari la mbele."

"Ukiona la mbele limepita, ujue dereva wake katoa upepo."

Tulipofika mji wa Bidiya basi likasimama. Musallam akashuka, akapanda pikapu kuukuu ya mwanawe iliyobeba mbuzi watatu, tairi zimebonyea kama mito ya kulalia. Ikaiacha lami, ikapanda mchanga taratibu bila kutetereka.

Yaarubi akatoa kichwa dirishani, akapiga ukelele kwa huruma ya kweli: "Ami! Simameni! Tairi zenu hazina upepo!"