Damu Niliyoitolea Shukrani

Niinueni kidogo niegemee mto. Hivyo, inatosha, msinivute. Blandina, rudishia mlango, kuku wasiingie. Kaeni mahali ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo. Katekista Hhando, nashukuru umekuja na daftari. Andika polepole, na nikikwama usinimalizie sentensi, ningoje. Mimi Laurencia, mke wa Martini, wa hapa Endamarariek, nina miaka sitini na miwili na akili zangu zimetimia. Dawa ya maumivu nimekunywa saa mbili na itanishika mpaka saa sita hivi, kwa hiyo nisikilizeni wanangu, na wewe baba yao usikilize, maana maneno haya nimekaa nayo miaka kumi na moja na leo nimepewa asubuhi moja tu ya kuyatoa.

Nianze na mali, kwa sababu ndiyo nyepesi. Nyumba hii na zizi ni vya baba yenu mpaka Mungu atakapomwita, na asije mtu akamhamisha kwa kisingizio cha kumtunza. Eka mbili za juu, zinazopakana na njia ya kanisani, ni za Blandina. Na atakayesema binti aliyeolewa hana shamba kwao, mwambieni mama yake alisema analo. Ng'ombe wawili ni wa Silvanus, ingawa najua wewe na wageni wako, hao watalii unaowapeleka kreta, hamna muda wa ng'ombe, utatafuta mtu wa kukufugia. Imebaki eka moja na nusu ya bondeni, ile niliyoinunua mwenyewe baada ya kulima vitunguu kwa kukodi shamba kule Baray misimu minne. Hhando, hiyo iachie nafasi. Siwezi kusema ni ya nani kabla sijasema kwa nini.

Nilipofika miaka arobaini na tisa, siku zangu zilianza kuja ovyo. Silvanus, usinyanyuke. Kaa. Najua mtoto wa kiume hakai akasikiliza habari za mwili wa mama yake, na marehemu mama yangu angenisikia angenipiga kofi, lakini umeoa, una binti, na hiki ninachokisema ndicho kilichowatoa wewe na mkeo Nasieku hapa nyumbani. Ukiona haya, angalia sakafu. Mimi nataka masikio yako.

Zilikuwa zinapotea miezi mitatu, zinarudi kama bomba lililopasuka, zinapotea tena. Halafu likaja joto. Mnajua hapa kwetu mwezi wa saba watu wanakaa na makoti mpaka jua liwe juu. Mimi nilikuwa nasimama kwenye kwaya jasho linatiririka mgongoni mpaka karatasi ya nyimbo inanata mkononi. Usingizi ukanihama. Magoti yakauma, kiganja kikauma, kichwa kikawa kizito kama nimetwishwa gunia. Nilikuwa natoka jikoni kwenda ghalani, nikifika ghalani sijui nimefuata nini, nasimama pale nalia. Na hasira, wanangu, hasira ambazo hata mimi nilikuwa naziogopa, zinanipanda kwa sababu ya kifuniko cha sufuria tu. Mama yangu aliniambia neno moja tu maishani kuhusu jambo hili, kwamba mwanamke akikoma anapumzika. Basi nikakaa nikingoja kupumzika.

Niliyemweleza ni Mama Wilson wa jumuiya yetu. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Mama Blandina, huo moto siyo wa kawaida. Kuna kitu kimekuingia. Funga siku saba." Nikafunga. Siku ya tano nikaanguka kwenye matuta ya mahindi, na ni watoto wa shule walionikuta. Simlaumu Mama Wilson, alinipa alichokuwa nacho, na sala yenyewe haikunidhuru, nimesali leo na nitasali mpaka mwisho. Lakini nilikuwa naomba Mungu anitoe kitu ambacho yeye mwenyewe alikiweka katika umri wa kila mwanamke, na kwa kuwa hakikutoka nikajiona sina imani, na mtu anayejiona hana imani hajui tena kuomba msaada wa mtu.

Martini, baba Blandina. Niangalie. Ulihamia chumba cha mbele ukisema unakohoa, na hukuwa unakohoa. Ulidhani nimekuchoka. Sikuwa nimekuchoka, nilikuwa naumia, mwili umekauka, kila ukinigusa naumia, na sikujua mwanamke anamwambiaje mume wake maneno hayo, kwa hiyo nikakugeuzia mgongo na kukuacha uelewe vibaya. Na wewe hukuuliza. Tumekaa hivyo miaka yote, wazee wawili tunasali rozari pamoja na kulala mbalimbali. Nakuomba radhi. Ukitaka na wewe kuniomba, utaniomba wakiondoka hawa.

Nipe maji. Kidogo. Asante.

Sasa la hati. Mwaka ule, mwezi wa nne, nikiwa na miaka hamsini na mmoja, nilifungua sanduku nikakuta hati ya kimila ya lile shamba la bondeni haimo. Nilipekua nyumba nzima. Nilikuwa sijalala siku nne. Nasieku alikuwa anaishi nasi hapa, binti yake Sinyati mgongoni hajafikisha hata mwaka, na asubuhi ile kaka yake alikuwa amepita kumsalimia akirudi kwao Malambo, kwa wafugaji. Nikatoka uani, mvua inanyesha, majirani wamesimama chini ya bati la Mama Wilson wakisubiri ikatike, na nikapaza sauti wote wasikie: "Umempa kaka yako hati yangu! Mnataka kuja kulisha ng'ombe wenu kwenye shamba langu!"

Nasieku hakupiga kelele. Alisema, "Mama, nipekue." Akaingia ndani, akatoka na begi lake, akaligeuza juu chini kwenye matope. Shuka mbili, nguo za mtoto, shanga za harusi yake, cheti cha kliniki. Hakukuwa na kingine. Nilikiona kila kitu pale chini, nikaona kwamba hati haimo, na bado nikamwambia aondoke.

Aliondoka kwa miguu. Silvanus aliporudi kutoka safari akakuta kitanda kitupu, akamfuata, wakapanga chumba Karatu mjini, na toka siku ile nikawa namwona mwanangu Krismasi na Pasaka, kwa saa moja, anakunywa chai amesimama.

Hilo mnalijua. Msilolijua ni hili. Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kutoa mbegu za mbaazi kwenye ule mkebe unaoning'inia jikoni, nikatia mkono, nikashika karatasi. Hati ilikuwa humo. Niliiweka mimi mwenyewe, nikiikinga na mchwa, na nikasahau kama nilivyosahau kila kitu mwaka ule. Nilikaa chini na mbegu zimemwagika mapajani. Halafu, badala ya kukimbia Karatu na kupiga magoti, nikawaambieni nimeikuta asubuhi imesukumizwa chini ya mlango.

Mkaelewa mlivyoelewa. Mkasema, "Kumbe amerudisha." Nikanyamaza.

Mwili ulinifanya nisahau hati. Hilo siyo dhambi, daktari amenieleza na nimekubali. Lakini uongo wa mlangoni mwili haukunifanya niuseme. Niliusema nikiwa nimelala vizuri, sina joto, sina hasira. Niliongopa kwa sababu niliona aibu. Na kwenye kitubio sikuutaja, nilikuwa nataja kusengenya na kuchelewa misa, mpaka juzi Padre alipokuja kunipaka mafuta ya wagonjwa nikamweleza. Akaniambia, "Mungu amekusamehe, mama. Lakini aliyefukuzwa kwenye mvua siyo mimi." Ndiyo maana mmeitwa.

Nasieku, hukuchukua hati. Hukuirudisha. Hukuijua hata ilipokuwa. Hhando, andika hayo kwa maneno hayo hayo, uyasome jumuiyani, na Mama Wilson awepo. Kisha andika: eka moja na nusu ya bondeni ni ya Nasieku, kwa jina lake, siyo la Silvanus, na hata ndoa yao ikija kuyumba, Mungu apishilie mbali, shamba halimfuati mwanangu. Silioni kuwa fidia. Mtu halipwi jina lake kwa udongo. Ila sina kingine kilicho changu peke yangu.

Ngojeni. Ngojeni kidogo. Linapita.

Haya. Miaka kama sita baada ya kukoma, nikiwa mchovu, mifupa inauma, na baba yenu yuko chumba cha mbele, nilikwenda mnadani nikamkuta mwanamke na kipaza sauti anauza unga kwenye vikopo. Akaniita, "Mama, homoni zako zimevurugika, ninaona usoni." Nikanunua. Nilikunywa kwenye uji miaka mitatu, nikificha kikopo kwenye kapu la nguo. Nilipofika sitini, nikaona damu. Wanangu, nilifurahi. Nilimrudia yule mwanamke akacheka, akasema, "Si nilikwambia? Ujana umerudi." Jumapili ile nilipeleka kanisani sadaka ya shukrani, beseni la maharage na jogoo mwekundu, na watu waliponiuliza ninashukuru nini nikasema afya. Niliimba siku ile kuliko siku zote.

Ilikuja, ikaacha, ikaja. Baadaye ikaanza kunuka, nikajua siyo ujana. Nikaificha miezi kumi na minne, nikichoma vitambaa shimoni, kwa sababu bibi mwenye wajukuu anayetokwa damu atamwambia nani? Nilipoanguka Blandina akanipeleka hospitali. Daktari, mwanamke mdogo kuliko wewe Blandina, akaniuliza, "Damu imeanza lini?" Nikasema mwaka jana. "Na kabla ya hapo ulikaa muda gani bila siku zako?" Nikasema miaka tisa. Akaweka kalamu chini. "Mama," alisema, "mwanamke akishamaliza mwaka mzima bila siku zake, hata tone moja ni la kuja kuonyesha. Tone moja." Kansa ya mji wa mimba ilikuwa imeshatoka nje ya mji wenyewe. Alisema wengi wakiwahi wanapona.

Sisemi unga ule ndio ulionipa kansa. Daktari hakusema hivyo, alisema hajui kilichokuwemo, na sitaki kumsingizia mtu mwingine tena. Lakini aliniambia kwamba lile joto, kukosa usingizi, hasira, kusahau, kukauka, vyote vina jina, ni homoni za mwanamke zinashuka, na vina matibabu. Wako wanaofaa kupewa homoni za hospitali na wako wasiofaa, ndiyo maana mtu hupimwa kwanza. Nilimuuliza kama ningeweza kutibiwa mwaka ule wa hati. Akasema ndiyo.

Blandina, jana umekaa hapo nje unapeta maharage, ukavua sweta, ukavaa, ukavua, ukajifuta uso kwa pindo la kanga, na kulikuwa na baridi. Una miaka arobaini na minne. Usitikise kichwa, nimekuzaa. Jumatatu nenda hospitali, na mume wako aende nawe, akasikie kwa daktari siyo kwako. Usifunge siku saba. Sali, kula, nenda. Na Silvanus, siku Nasieku atakapofika umri huo akakurushia kifuniko cha sufuria, usihame chumba. Uliza.

Yamebaki machache. Mnizike kando ya mama yangu, kwa gauni la kijani la kwaya. Msichinje sana. Na pale mnaposoma historia ya marehemu, msije mkasema alisumbuliwa na maradhi ya muda mrefu, kama tunavyosemaga, watu wakaitikia na kwenda kula. Someni kwamba Laurencia alitokwa damu akiwa amekoma miaka tisa, kwamba aliificha miezi kumi na minne kwa aibu, na kwamba ndiyo iliyomuua. Someni kanisani, wanawake wakiwa wamekaa, na wanaume. Blandina usome wewe. Sauti isitetemeke. Ikitetemeka, soma hivyo hivyo.

Nimechoka. Nilazeni sasa.

Martini, Mungu akupe... akupe uzee wenye mtu wa kukuuliza umelalaje. Silvanus, barabara zako zote, na wageni wako, akulinde. Blandina, mwili wako usikugeukie kama wangu. Sinyati, mwambieni bibi alimtaja. Mwambieni kila kitu, msimfiche, akianza na akikoma.

Nasieku. Wiki ya tisa hii toka urudi kunitunza, unanifulia vitambaa, na hujaniuliza lile la hati. Leo nimesema mimi. Wewe usiseme. Usinisamehe kwa sababu ninakufa na watu wanakuangalia. Nenda ukafikirie... hata mwaka. Ukilipata jibu njoo kaburini ulitoe, lolote lile, hata kama ni hapana. Nitakuwa... nipo.

Hhando, umeandika? Soma... hapana. Acha. Nawabariki. Kwa jina la Baba... mkono wangu, Nasieku, uinue wewe... na la Mwana...